Jumba la Makumbusho na Kazi Yake kwa Mkulima

Watu wengi waendao Nairobi kwa shughuli zao huliona jumba la makumbusho lililo juu ya kilima, karibu na barabara iendayo Westlands. Wengine wamekwisha kuingia ndani, hasa walipopelekwa na walimu wao wangali watoto wa shule. Walishangaa, wakacheka, wakatoka, wasirudi tena. Tangu siku hiyo husema ya kuwa pale ni nyumba ya vitu vilivyokufa: ndege waliojazwa pamba, mifupa ya kale, vipepeo waliochomwa pini, na tembo asiyetembea. Mkulima huuliza, "Mimi nina ng'ombe watatu na shamba la mahindi. Ndege aliyekufa zamani atanifaa nini?" Karani naye husema ya kuwa ni mahali pa watalii.

Swali la mkulima huyo si la upuuzi. Jumba hilo hutunzwa kwa fedha za umma, na mwenye kulipa kodi ana haki ya kuuliza kodi yake yafanya kazi gani. Lakini kabla ya kujibiwa yampasa kujua jambo moja, ya kuwa vitu awekewavyo mgeni nyuma ya vioo ni sehemu ndogo sana ya mali ya jumba. Sehemu kubwa imo katika vyumba vya nyuma, ndani ya makabati marefu, na humo ndimo wataalamu wafanyamo kazi yao. Karani akiingizwa humo hataona ajabu, maana vyumba hivyo vyafanana sana na masjala ya ofisi yake.

Kazi hii haikuanza jana. Mwaka 1909 watu waliopenda kuchunguza wanyama na mimea ya Afrika ya Mashariki waliunda chama mjini Nairobi, na mwaka uliofuata wakawa na nyumba ndogo ya kuwekea vitu walivyokusanya. Vitu vikazidi nyumba. Mwaka 1930 likafunguliwa jumba lililo kilimani, likaitwa kwa jina la Sir Robert Coryndon, aliyekuwa Gavana wa Kenya hata alipofariki mwaka 1925. Baada ya Uhuru jina hilo liliondolewa, likawa Jumba la Makumbusho la Taifa. Nayo hazina ya mimea mikavu iliyoanzishwa na Wajerumani huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950. Leo hazina hiyo ina mimea mamia ya maelfu. Kila mmea ulibanwa kati ya karatasi, ukakaushwa, ukagundishwa juu ya karatasi ngumu, kisha ukalazwa kabatini pamoja na jamaa zake.

Pamoja na kila mmea, na kila ndege, na kila mdudu, pana kikaratasi kidogo kilichoandikwa. Mgeni hakitazami, lakini mtaalamu hukitazama kwanza. Ndege mzuri asiye na kikaratasi ni pambo tu, hana habari ya kumpa mtu. Wazee walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari, na karani yeyote aliyepata kuhangaika na barua isiyo na tarehe wala sahihi ataelewa maneno hayo upesi. Kikaratasi hicho hujibu maswali manne: Kitu hiki ni nini? Kilipatikana lini? Kilipatikana wapi? Na nani aliyekipata? Yafaa kuyatazama maswali hayo moja moja, kwani katika majibu yake mna faida ya mkulima.

Jina

Mboga moja ya Kenya huitwa mnavu na watu wa pwani, managu na Wakikuyu, osuga na Wajaluo, na lisutsa na Waluhya. Mtu aweza kudhani ya kuwa hizo ni mboga nne, kumbe ni moja. Tena, chini ya jina hilo moja mna mimea zaidi ya mmoja. Upo wenye majani mapana na matunda meusi, upo wenye majani madogo, na upo ambao matunda yake yakiiva huwa na rangi ya machungwa. Mkulima anunuaye mbegu kwa jina tu aweza kupanda asichokitaka, na mtu achumaye porini kwa kukisia aweza kujidhuru. Asiye na hakika hana budi kuwa na mahali pa kuulizia, nalo kabati la mimea mikavu ndilo hukata shauri. Mmea mpya huwekwa kando ya ule wa zamani, majani hulinganishwa na majani, ua na ua, tunda na tunda, hata ijulikane ni upi.

Kwa muda mrefu mboga hizi zilidharauliwa. Aliyeweza kununua kabichi aliona haya kuonekana na mgeni akila mnavu au mgagani, na maarifa ya akina bibi juu ya mboga na matunda ya porini yalikuwa yakienda nao kaburini. Wataalamu wa makumbusho walizunguka nchini wakiuliza wazee: mmea huu mwauitaje, hupikwaje, ni sehemu ipi iliwayo, nao humea wapi? Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walitoa kitabu kikubwa cha vyakula vya asili vya Kenya, ambamo kila mmea umeandikwa kwa jina lake la kitaalamu pamoja na majina ya makabila. Baadaye mboga hizo zikarudi sokoni, na wakulima wengi, hasa wanawake, wakapata fedha kwa kuziuza mijini. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi hiyo ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mema ya kuigwa. Mwanzo wake ulikuwa kuuliza jina na kuliandika.

Tarehe

Swali la pili, la tarehe, laonekana dogo kuliko yote. Lakini yafaa kusikiliza mambo yaliyotokea Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Huko yuko ndege mwindaji aitwaye kozi. Katika miaka ya 1950 kozi walianza kupungua, wala sababu haikujulikana. Watu waliopanda majabalini kutazama viota walikuta mayai yamevunjika. Ndipo mchunguzi mmoja, Derek Ratcliffe, alipoyaendea makabati yaliyohifadhi mayai ya ndege tangu zamani, akapima ukubwa na uzito wa maganda, akisoma tarehe ya kila moja. Mwaka 1967 alitangaza aliyoyaona: kwa miaka mingi maganda hayakubadilika, kisha yapata mwaka 1947 yakaanza kuwa membamba. Huo ndio wakati ambapo dawa ya DDT ilianza kuenea mashambani.

Njia ya sumu hiyo ilikuwa hivi. Dawa ilinyunyizwa juu ya mimea, ikaingia katika wadudu. Ndege wadogo waliwala wadudu, na kozi akawala ndege wadogo, na katika kila mwili sumu ilizidi kujikusanya. Kozi mwenyewe hakufa papo hapo, ila maganda ya mayai yake yalikuwa membamba hata yakapasuka alipoyalalia. Mwaka 1972 Marekani ilipiga marufuku matumizi ya DDT mashambani, na nchi nyingine nyingi zikafanya vivyo hivyo. Watu waliokusanya mayai yale ya kwanza hawakujua DDT ni nini, kwa kuwa ilikuwa haijaanza kutumika. Waliandika tarehe tu, na baada ya miaka mingi tarehe ile ikatoa ushahidi.

Katika Kenya pia tarehe hutunzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa ndege wa makumbusho, pamoja na watu wa kujitolea, walianza kuhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa kila mwezi wa Januari. Hesabu ya mwaka mmoja haina maana kubwa. Lakini hesabu za miaka mingi zikipangwa kwa tarehe huonyesha kama ziwa ni zima au laugua, na wavuvi na wafugaji wa kando yake hupata habari kabla ya hasara kuwafikia. Maziwa ya Nakuru, Bogoria na Elmenteita yaliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na ndege wake ni mojawapo ya sababu.

Mahali

Swali la tatu huleta ugomvi, maana kuuliza mahali ni kuuliza habari ya ardhi, nayo ardhi haitoshi.

Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio kati ya Kilifi na Malindi, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420. Ndani yake wamo wanyama ambao ni shida kuwapata mahali pengine duniani, kama yule sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, na bundi mmoja mdogo sana ambaye, mbali na msitu huo, hajulikani kukaa ila katika sehemu chache, kama vile Usambara. Vikaratasi vya makumbusho ndivyo vilivyoonyesha jambo hilo, kwa kuwa mahali palipoandikwa palikuwa ni pale pale kila mara. Lakini mkulima aliyepakana na msitu huo hakuona sange wala bundi. Aliona nyani wakila mahindi yake na tembo wakikanyaga minazi. Wengi walitaka msitu ukatwe, wagawiwe mashamba. Nani awezaye kumlaumu mtu aliyekesha shambani akipiga debe, na asubuhi akakuta hakuna kitu?

Mwaka 1993, penye magofu ya Gede, makumbusho pamoja na kile chama cha mwaka 1909 walianzisha mradi uitwao Kipepeo. Mkulima hupata ruhusa ya kukamata vipepeo wachache msituni, huwaweka katika kizimba cha wavu, nao hutaga mayai juu ya majani ayapendayo kiwavi wao. Kiwavi hulishwa hata ajifunge akawa bundo. Mabundo hayo huuzwa Gede, hupakiwa kwa uangalifu, hupelekwa upesi kwa ndege hata Ulaya na Marekani, wafike kabla ya vipepeo kutoka, maana huko kuna nyumba za vioo ambamo watu hulipa kiingilio ili wawatazame vipepeo walio hai. Kwa hiyo mkulima aliyetaka msitu ukatwe alianza kupanda miti ya msituni nyumbani kwake, apate majani ya kulisha viwavi. Haifai kutia chumvi: kipepeo hakumtajirisha kila mtu, wala hakumzuia tembo. Lakini kwa mara ya kwanza msitu ulileta shilingi nyumbani bila kukatwa mti.

Kusini na kaskazini ya hapo zipo kaya za Wamijikenda, yaani vilima vyenye msitu ambamo wahenga wao walijenga miji yenye boma. Watu walihama kaya hizo, wa mwisho wakiondoka kabla ya miaka ya 1940 kwisha, lakini wazee waliendelea kuzilinda kwa miiko: usikate mti, usilishe mifugo, usichukue kitu. Miiko ilipopungua nguvu, wakaja watu wa nguzo, na wa mawe, na wa viwanja vya hoteli. Wataalamu wa mimea walipozipima kaya hizo walikuta miti adimu sana, mingine haijapata kuandikwa. Ndipo makumbusho yalipoanza, tangu mwaka 1992, kuzitangaza kaya kuwa kumbukumbu za taifa zilindwazo na sheria, na kuweka watu wa kuzisimamia pamoja na wazee wenyewe. Mwaka 2008 misitu kumi ya kaya iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Jambo la kukumbuka hapa ni hili, ya kuwa mtaalamu hakuwafundisha wazee kuhifadhi. Wazee walihifadhi kwanza. Mtaalamu alileta daftari, na daftari likawapa wazee nguvu mbele ya sheria.

Mtu

Swali la nne ni la mtu. Watu wengine hufikiri ya kuwa elimu ya namna hii ni ya wenye shahada tu. Bwana Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, alisoma miaka michache tu katika shule ya misheni. Mwaka 1960 aliajiriwa na Daktari Louis Leakey na mkewe, Mary Leakey, kuchimba mifupa ya kale huko Olduvai, Tanganyika. Wenzake wengine waliogopa kugusa mifupa ya wafu, lakini yeye alijifunza kuitambua mmoja mmoja, hata macho yake yakawa makali kuliko ya wasomi.

Mwezi wa Agosti mwaka 1984, huko Nariokotome, upande wa magharibi wa ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha mfupa wa paji la uso kati ya changarawe zenye rangi ile ile. Mtu mwingine angalipita bila kukiona. Palipochimbwa pakapatikana karibu mifupa yote ya kijana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Hakuna mifupa mingine ya umri ule iliyokuwa imepatikana kamili namna hiyo, na wataalamu wa dunia nzima walilazimika kuyafikiri upya mambo ya umbo na ukuaji wa watu wa kale. Mwaka 1985 Bwana Kamoya alipewa nishani huko Marekani kwa mkono wa Rais Ronald Reagan, na mwaka 1995 mnyama mmoja wa kale sana wa jamii ya nyani aliitwa Kamoyapithecus kwa ajili yake. Alifariki mwaka 2022. Jina lake limo katika daftari la makumbusho, nalo halitafutika.

Nyoka na Watoto wa Shule

Imebaki kazi ya kufundisha, nayo ndiyo ionekanayo na wengi. Watoto wafikapo kilimani huonyeshwa sanamu ya tembo Ahmed wa Marsabit, ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru mwaka 1970 alindwe usiku na mchana kwa sababu ya meno yake makubwa. Alikufa mwaka 1974 kwa uzee, wala si kwa risasi. Kisha hukimbilia bustani ya nyoka, iliyofunguliwa mwaka 1961.

Bustani hiyo si ya kutisha watoto. Mkulima wa kawaida humwua kila nyoka amwonaye, lakini wengi wa nyoka wa Kenya hawana sumu ya kumdhuru mtu, na wengi wao hula panya walao mahindi ghalani. Mtoto aliyemwona kifutu na swila nyuma ya kioo, akajifunza kuwatambua, ataweza kumwambia baba yake yupi wa kuogopwa na yupi wa kuachwa aende zake. Tena atajifunza la kufanya mtu akiumwa: asikatwe kwa wembe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kuzuia damu, wala asibandikwe jiwe jeusi na kungojea. Atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, avuliwe pete na bangili kabla ya kuvimba, apelekwe hospitali upesi iwezekanavyo. Mafundisho hayo machache yameokoa watu kuliko majiwe yote yauzwayo sokoni.

Yampasayo Msomaji

Basi yule mkulima aliyeuliza ndege aliyekufa atamfaa nini amekwisha kujibiwa. Naye pia ana sehemu yake katika kazi hii. Akichimba msingi au choo akakuta mfupa uliogeuka jiwe, au vyombo vya kale, asivivunje wala asiviuze kwa mpita njia. Aviache mahali pake, atie alama, apeleke habari bila kukawia. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi yaagiza hivyo. Kitu kikiisha kung'olewa na kubebwa, lile swali la mahali halina jibu tena, hata kama kitu chenyewe ni kizima.

Akiona mdudu asiyemjua katika mazao yake, amtie ndani ya chupa, aandike jina la kijiji, tarehe, na mmea aliokuwa akiula, kisha ampeleke kwa afisa wa kilimo. Mwalimu naye awape wanafunzi daftari moja la darasa, waandike siku mvua ilipoanza, siku korongo walipofika, na siku siafu walipotoka. Karani anajua kazi hiyo tangu zamani, na anaweza kuwasaidia jirani zake kuifanya vizuri. Daftari la shule laweza kununuliwa kwa shilingi chache, lakini mvua ya mwaka huu isipoandikwa mwaka huu, hakuna mtaalamu atakayeweza kuiandika baadaye.